Mahari ya Mokami

Arusha,
11 Machi 2024

Mzee Nelson Nyamhanga,
Nkende, Tarime.

Shikamoo, mzee wangu.

Hunijui, nami sikujui ila kwa picha moja. Naitwa Huruma Masele. Kazi yangu ni kuchunguza magari ya zamani ya Kiitaliano, yale yaliyokimbia kwenye mashindano, na kusema kama gari ni lenyewe au limeghushiwa. Fundi mmoja wa minara ya simu alipita kwako mwezi wa kwanza, akapiga picha ya gari jekundu lililo chini ya banda lako. Picha hiyo imezunguka mpaka ikanifikia. Fundi huyo ndiye aliyeniambia kwamba simu huisikii, ila barua unaisoma.

Ninavyoona, hiyo ni Lancia iliyoshiriki mbio za Pasaka za mwaka 1971, zilizopita mkoani kwenu. Yupo mtu anayetaka kulinunua kama ni lenyewe. Tatizo ni kwamba kuna gari jingine huko Ulaya lenye namba ileile ya chesisi, na mwenye nalo anaapa kwamba la kweli ni lake.

Naomba ufungue boneti. Kwenye bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva kuna namba iliyogongwa kwa nyundo. Weka karatasi nyeupe juu yake, usugue na penseli taratibu mpaka namba itokee, kisha unitumie karatasi hiyo. Usiisafishe kwa msasa.

Wako mtiifu,
Huruma Masele


Nkende,
24 Machi 2024

Binti Huruma,

Marahaba. Barua yako ililetwa na jirani yangu Eunice, ambaye ana kibanda chake karibu na ofisi ya mabasi. Ni kweli sisikii. Miaka thelathini na miwili ya kuendesha mashine ya kusaga imeniondoa masikio yote mawili. Na maandishi ya simu ni madogo kama chawa. Kwa hiyo umefanya vizuri kuandika.

Namba hiyo hapo nimeisugua. Nimerudia mara tatu ili uwe na za kuchagua. Gari limekaa juu ya magogo kwa sababu magurudumu yalioza. Usukani uko kushoto. Chini ya injini kuna bati nene la kukinga mawe, na nyuma kuna tangi la pili la mafuta. Nilipolikwangua mlango kidogo, chini ya rangi ilitokea namba 31.

Tangu mke wangu afariki sijaandikiwa barua na mtu. Watoto wako Geita na Dar es Salaam, wanampigia Eunice, naye ananionyesha kidole gumba kwamba wazima.

Sijasema kwamba nauza.

Nelson Nyamhanga


Arusha,
8 Aprili 2024

Shikamoo, Mzee Nelson.

Nilipofungua bahasha yako nilifunga mlango kwanza, nikaogopa upepo usichukue zile karatasi. Nimezilinganisha na picha ya namba ya gari la Ulaya. Tarakimu ni zilezile, ila umbo si lile. Kiwandani, wakati ule, nne yao ilikuwa wazi juu. Ya kwako iko wazi. Ya Ulaya imefungwa. Aliyeigonga hakuwa na chuma cha kiwandani, alitumia cha kwake.

Nimepata pia nakala ya daftari la waamuzi wa mbio. Imeandikwa hivi: "Namba 31. Limegonga ng'ombe kabla ya Mto Mara. Limejitoa." Dereva, aliyekuja kwa gari lake binafsi bila kampuni nyuma yake, alikufa zamani. Lakini msoma ramani wake yu hai. Anaitwa Ottavio, ana miaka themanini na sita, anaishi mji mdogo kaskazini mwa Italia. Nilimwandikia. Alijibu mstari mmoja: ndiyo, walimgonga ng'ombe.

Sasa nina maswali mawili. Gari lilifikaje kwa baba yako? Na lile bonde linaloonekana kwenye picha, bati lilipobonyea upande wa kushoto mbele, naomba ulipime: linaanza sentimita ngapi kutoka chini na linaishia wapi. Kimo cha magogo ukitoe.

Natamani ningekuja mwenyewe, lakini aliyeniagiza hataki kunilipia safari kabla hajawa na uhakika. Nafanya kazi peke yangu chumbani, na karatasi za watu waliokwisha kufa. Barua yako ilikuwa na harufu ya grisi. Ilinifurahisha.

Huruma


Nkende,
20 Aprili 2024

Binti Huruma,

Marahaba. Nimepima. Ukitoa magogo, bonde linaanza sentimita arobaini na nane na linaishia themanini na moja. Taa ya kushoto ndiyo iliyovunjika. Kioo cha mbele kizima, hakina hata ufa; alama yake ndogo ya pembeni nimekuchorea hapo chini.

Baba yangu, mfugaji wa Kerende, alilinunua kwa Wazungu. Alikuwa na ng'ombe wengi. Basi.

Mvua ya juzi ilivujisha banda. Nilitumia siku nzima kuhamisha mabati ya upande wa jikoni niyaweke upande wa gari. Eunice aliniandikia kwa chaki kwenye ubao wangu: "Mzee, utalala na maji kwa ajili ya gari?" Nikamjibu kwamba mimi nikilowa nakauka.

Nelson


Arusha,
6 Mei 2024

Shikamoo, mzee wangu.

Gari ni lenyewe. Hilo sina shaka nalo tena, na nimemwambia mteja hivyo. Lakini historia ya gari ninapoitia sahihi, jina langu linakwenda nayo, kwa hiyo siwezi kuandika nisichokiamini. Nivumilie niseme.

Nimeona magari mengi yaliyogonga ng'ombe. Miguu hukatwa chini, mwili wote ukapanda juu ya boneti na kupasua kioo. Kioo chako ni cha kwanza kabisa. Ile alama ndogo ya kiwandani uliyoichora pembeni ni ya mwaka 1970. Na boneti, kwenye picha, haina mkunjo. Kilichogongwa kilikuwa chepesi, na kilirushwa pembeni. Nilijiambia labda ndama.

Halafu hakuna hati ya mauzo. Mfugaji wa Kerende mwaka 1971 anunue gari la mashindano lililoharibika, la nini?

Mzee, kama kuna jambo, usinifiche. Si kwa ajili ya mteja.

Huruma


Arusha,
17 Juni 2024

Shikamoo, Mzee Nelson.

Wiki sita sasa. Nilimwomba kondakta wa basi aulize, akasema bahasha ilichukuliwa na mama mwenye kibanda. Kwa hiyo najua iko mikononi mwako.

Nimefikiri labda nimekukosea heshima. Mimi ni mtoto kwako, na nimekuhoji kama askari. Nisamehe. Mteja anasema hajali kuhusu bonde. Anataka karatasi iseme "ng'ombe" kama daftari linavyosema, alisafirishe gari kwa meli kabla ya mwaka kwisha. Ningeweza kuandika hivyo leo nikalala.

Jumapili sikutoka chumbani. Niliwasha redio ili kuwe na mtu anayesema. Nikakukumbuka wewe usiye na hata redio.

Ukiwa mgonjwa, mwambie Eunice aniandikie neno moja tu.

Huruma


Nkende,
2 Agosti 2024

Binti yangu Huruma,

Marahaba. Sikuwa mgonjwa.

Hakuwa ng'ombe. Alikuwa mdogo wangu wa kike, Mokami, mwenye miaka kumi na mitatu.

Boma letu lilikuwa Kerende, juu kidogo ya barabara ya kwenda mtoni. Asubuhi ile ya Pasaka magari yalikuwa yanapita moja moja, vumbi la moja halijatua lingine linakuja. Ng'ombe walikuwa wameingia barabarani. Mokami akaenda kuwatoa. Alikuwa ameinama kumsukuma ndama kwa bega, na ile Lancia ikatokea kwenye kona. Ndama hakuguswa.

Msoma ramani alimbeba mikononi, wakasimamisha lori la mbao limpeleke zahanati ya misheni. Walirudi jioni na lori lilelile. Tuliletewa maiti.

Dereva na rafiki zake walikaa na baba siku mbili. Alikuwapo mtu mmoja aliyejua kusoma, akawa mkalimani. Wakasema mambo yakifika mbele ya sheria watakamatwa, lakini baba akikubali watamwachia gari. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe na kidole gumba. Akakiweka kwenye karatasi. Nadhani alidhani ndivyo serikali inavyotaka. Alipokuja kuelewa, wale Wazungu walikuwa wameshavuka bahari.

Majirani waliliita gari lile mahari ya Mokami. Walisema wengine wanapokea ng'ombe, Nyamhanga amepokea mabati. Baba hakuligusa mpaka kufa kwake. Hakuruhusu mtu alikalie.

Baadaye wachimbaji wa dhahabu walifika kutoka kila mkoa, wakachimba mpaka nyuma ya zizi. Sisi tukatawanyika. Nilirudi mwaka 2003 kutafuta kaburi la Mokami, nikakuta shimo la futi mia na vijana wanapandisha mawe kwa kamba. Niliwauliza kaburi liko wapi. Hawakuwa hata wamezaliwa alipozikwa. Sikuwagombeza. Nililipandisha gari kwenye lori nikalileta huku, kwa sababu ndicho kitu pekee duniani kilichowahi kumgusa.

Hilo ndilo bonde unaloliuliza.

Nelson


Arusha,
30 Septemba 2024

Shikamoo, baba.

Nilisoma barua yako kazini, nikairudisha kwenye bahasha, nikashindwa kuendelea na jambo lingine siku ile. Pole. Najua pole imechelewa miaka hamsini na mitatu.

Sikukuomba ruhusa, na kwa hilo nisamehe: nilimwandikia tena Mzee Ottavio. Nikamwambia kwamba yule waliyemgonga alikuwa na jina, na kwamba jina lake ni Mokami. Jibu lake ni kurasa nne. Nakutafsiria sehemu inayokuhusu:

"Tangu siku ile sikukaa tena kwenye gari la mashindano. Ndani ya lori nilimweka mapajani. Alikuwa macho. Alisema neno moja, akalirudia, akalirudia, kwa sauti ya kuuliza. Sikuelewa. Nilimjibu kwa lugha yangu, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akanyamaza. Pale zahanati nilimuuliza mhudumu neno lile maana yake nini. Neno lenyewe ni *chingombe*. Akaniambia maana yake ni ng'ombe. Usiku ule waamuzi waliponiuliza mmegonga nini, dereva alinitazama, na mimi nikasema ng'ombe. Lilikuwa ndilo neno nililokuwa nalo mdomoni. Nilichukua neno lake la mwisho nikalifanya uongo wangu. Mwambie kaka yake kwamba sikumbuki sura ya mtu yeyote wa siku ile ila ya binti yule."

Mteja amesoma rasimu yangu. Anasema kifo kitaharibu gari, niandike ng'ombe. Nimemwambia sitaandika. Sijui atafanya nini, na leo sijali. Ninachotaka kujua ni kama unakubali jina la Mokami liandikwe kwenye historia ya gari, na liandikweje. Neno lako ndilo nitakaloandika.

Huruma


Nkende,
19 Oktoba 2024

Mwanangu Huruma,

Marahaba.

Nimesoma ile sehemu ya Mtaliano mpaka karatasi imelegea. Mwambie sina hasira naye. Ningekuwa nayo kama mimi mwenyewe ningekuwa safi.

Siku ile ilikuwa zamu yangu. Mokami hakuwa mchungaji, alikuwa mtoto wa jikoni na mtoni. Mimi ndiye niliyekuwa na fimbo. Lakini niliyasikia magari tangu alfajiri. Nikamwita nikamwambia, "Nishikie ng'ombe kidogo, naenda kwenye kona kuona magari, narudi sasa hivi." Akasema mama atamkasirikia. Nikamwambia mama hatajua. Nikakimbia. Nilikuwa kwenye kona. Ile Lancia ilinipita kabla ya kumfikia yeye. Niliishangilia. Nilirusha mikono juu.

Jioni baba alipouliza kwa nini Mokami alikuwa barabarani, nilisema alinitoroka, alikimbia kwenda kuona magari. Nilikuwa na miaka kumi na sita na niliogopa fimbo. Basi neno likakaa hivyo. Mama alikufa akiamini binti yake aliuawa na utundu. Wanawake walipomlilia walisema, mtoto asiyesikia. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza. Masikio yangu yalipoanza kufa, nilisema moyoni, haya.

Nina dada mmoja aliyebaki, Waisiko, yuko Manchira, karibu na bwawa. Hatujaonana miaka kumi na minane. Alinitaka nilitupe lile gari, nikakataa, akasema ninafuga aibu ya Mokami kwenye banda. Sikuweza kumwambia aibu ni ya nani.

Sasa ninajua Mokami alikuwa anauliza nini ndani ya lile lori. Alikuwa anauliza kama ng'ombe wangu wamevuka salama. Nilimwachia kazi, naye alikuwa bado anaifanya.

Andika hivi: Mokami Nyamhanga, miaka kumi na mitatu, alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake, kwa zamu ya kaka yake Nelson, aliyekuwa amekwenda kutazama magari. Usipunguze neno.

Nelson


Arusha,
14 Novemba 2024

Shikamoo, baba.

Karatasi ndiyo hiyo. Ina sahihi yangu na mhuri. Namba ya chesisi, namba ya injini, rangi tatu zilizopakwa, mabati, tangi, kioo. Halafu siku ya ajali, na maneno yako kama ulivyoyaandika. Mzee Ottavio ametia sahihi kama shahidi. Mjukuu wake alimshikia mkono.

Mteja amejitoa. Amechukua pia kazi nyingine tatu alizokuwa amenipa. Nimehamia chumba kidogo zaidi, ila kina dirisha linaloona Meru asubuhi kukiwa hakuna wingu. Usihuzunike kwa hilo, wala usinijibu kuhusu hilo.

Gari ni la kweli na ni lako. Hakuna mtu atakayeweza kusema tena kwamba ni la mwingine. Ukitaka kuuza, karatasi hii inatosha kwa mnunuzi mwaminifu. Usipotaka, usiuze.

Nilikaa muda mrefu nikitafuta neno la kukuambia kuhusu lile ulilolificha, nikaona si langu. Yupo anayestahili kulisikia kabla yangu, na nadhani unamjua.

Huruma


Manchira, Mugumu,
9 Desemba 2024

Mwanangu Huruma,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa kwa Waisiko.

Nilipanda gari la asubuhi Jumanne. Eunice alinifunga shuka kwenye mfuko na kunisindikiza mpaka kituoni, akanikabidhi kwa kondakta kama mzigo. Hapa nilifika saa nane mchana. Waisiko alikuwa anaanika mtama. Amezeeka kuliko nilivyodhani. Na yeye alinitazama hivyohivyo.

Hakunisalimu. Sikungoja anisalimu, kwa sababu ningengoja ningeogopa. Nilitoa karatasi yako nikaisoma kwa sauti palepale uani, nimesimama. Sauti yangu mwenyewe siisikii, kwa hiyo sijui nilisoma kwa nguvu kiasi gani. Nilianza na namba ya chesisi kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Nilipofika kwenye jina nilisema kwa Kikurya. Nikamwambia kila kitu, na kwamba mama alidanganywa na mimi.

Waisiko aliketi chini kwenye mtama. Baadaye akaanza kusema. Alisema muda mrefu, mwanangu. Alikuwa ananyoosha kidole upande wa Kerende, kisha upande wangu, kisha alijipiga kifuani. Ubao wangu wa chaki nilikuwa nimeusahau Nkende, na Waisiko hata hivyo hajui kuandika. Nilitazama mdomo wake mpaka alipomaliza. Sikusikia hata neno moja. Sikumwomba arudie. Niliona kwamba maneno yale alikuwa ameyaweka tangu tukiwa watoto, na hayatoki mara mbili.

Kwa hiyo sijui kama alinisamehe au alinilaani. Nilimwambia gari ni la Mokami, na aliyebaki wa kuliamulia ni yeye. Alitikisa kichwa, lakini si kichwa cha ndiyo wala cha hapana.

Jua lilipoanza kushuka nikainuka niende misheni kuomba mahali pa kulala. Nikanyoosha mkono nichukue fimbo yangu niliyokuwa nimeiegemeza ukutani. Waisiko akawahi. Akaichukua, akaitazama, nikadhani atanipiga nayo, na sikuinua mkono kujikinga.

Aliingia nayo ndani akaiweka nyuma ya kitanda chake.

Leo ni siku ya sita. Asubuhi tunaanika mtama, jioni tunauanua. Fimbo bado iko ndani.

Baba yako,
Nelson